Sukari ya Matanga

Jumatatu, 4 Agosti

Keroka. Mvua tangu saa nane. Nimeuza chaja na kava za simu dukani, kisha nikapanda chumbani kwa kinanda changu. Ubeti wa tatu bado unanisumbua. Nataka uende kama zile nyimbo za piano za miaka ya sabini: mkono wa kushoto unashuka taratibu, wa kulia unabembeleza, kiitikio kinapanda hadi koo linauma. Vijana wenzangu wanataka ngoma za kuruka. Wanasema nimezaliwa nikiwa nimechelewa. Waseme.

Kesho naenda redioni Kisii kuimba wimbo wangu "Kiti cha Mama". "Kiti chako ki wazi, chai yako imepoa." Watu hulia wakisikia hapo. Ukweli ni kwamba mama alikuwa ameenda tu Keumbu kumsalimia kaka yake. Nilifika nyumbani Itumbe nikakuta kiti na kikombe. Huzuni niliiongeza mwenyewe, kama chumvi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeimba hewani. Mtangazaji alifuta machozi, akanipa pole kwa kumpoteza mama, akauliza aliondoka lini. Nilifungua mdomo nimsahihishe.

Nikasema si zamani sana.

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Alikuwa analia kwa sababu yangu, na nilisikia utamu.

Jumatano, 6 Agosti

Simu haipumziki. Pole kutoka kwa watu nisiowajua. Mwenye hoteli moja mjini Kisii anataka niimbe Jumapili, mishumaa mezani, picha ya mama ukutani nyuma yangu. Nimemtumia ile ya gauni la kijani. Mkono ulituma kabla kichwa hakijafika.

Mjomba Nyamweya, yule kaka yake mama wa Keumbu, amepiga tena na tena. Nilidhani ni pongezi. Sikupokea. Nimekuwa staa.

Alhamisi, 7 Agosti

Natamani ardhi ipasuke.

Mjomba alinisikia redioni. Alimpigia mama, simu imezimwa. Mama huiacha duka la jirani pale Itumbe ichajiwe na kuisahau huko. Akanipigia mimi, staa hakupokea. Basi akakusanya watu wa Keumbu, wakanunua sukari na unga, wakaja Itumbe leo asubuhi. Wanawake walianza kulia tangu barabarani. Majirani wakatoka, nao wakalia.

Mama alikuwa shambani akichuma chai. Alisikia kilio kinaelekea kwake. Alitupa kikapu, akakimbia.

Alidhani ni mimi nimekufa.

Mwishowe nilipokea simu ya mjomba. "Ombati, umefanya tulie mtu ako hai! Mamako ameanguka hapo kwa gate akiita jina yako!" Kisha akakata. Bora angenitukana.

Kinanda hiki, siku kilipofika, mama ndiye aliyekibeba kutoka stendi. Alikifunika kwa leso yake, yeye akinyeshewa. Huyo ndiye niliyemzika nipigiwe makofi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi redioni bila kuitwa. Nikaomba dakika moja. Nimesema mama yu hai, yuko Itumbe, nilidanganya. Mtangazaji hakunitazama. Aliweka tangazo la sabuni.

Hoteli imenifuta. Nimewaomba wafute na picha. Jioni hapa Keroka vijana wa stendi wamenipigia kelele, "Pole kwa mama!" wakacheka. Nimeinamisha kichwa. Nilistahili.

Jumapili, 10 Agosti

Nilifunga mkoba niende nyumbani. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Mwoga. Sikuenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Itumbe. Nimekuja na kinanda.

Mama hakunigombeza. Ameweka chai mezani, vikombe viwili, akasema, "Kunywa. Hiyo ni sukari ya matanga yangu."

Nikanywa. Nikaomba msamaha, nikarudia. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Sasa imba hiyo wimbo yenye watu walinililia." Nilimsihi asinifanyie hivyo. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akangoja.

Nimeimba nikitazama vidole. Pale penye kiti na chai sauti ilinikatika, nikaendelea kwa kinanda pekee. Zamani ningejisifu kwa kukatika vile.

Nilipomaliza aliinuka. Alijifunga leso, akabeba kikapu, akaenda shambani. Chai yake hakuigusa.

Nimekaa mbele ya kile kiti mpaka ikapoa, ikafanya utando juu. Kisha nikachukua kikapu kingine nyuma ya mlango, nikamfuata.