Mkoche wangu na champali niliyorusha

Raya, shoga yangu, nimempiga Jaya champali. Jaya jirani yangu! Mgongoni! Sasa hivi!

Nilikuwa hata sijasali alfajiri, nikasikia chururu chururu ya maji nyuma ya jiko. Nikachungulia. Mtu kajitanda shali, kauinamia mkoche wangu, ule mti nilioupanda ndooni kwa tunda la koche la ufukweni kwetu Wete. Miaka sita hapa ughaibuni Queensbury, baridi ikija nauingiza ndani kama mtoto, na majani manne tu! Nikajua mwizi. Nikaivua champali mguuni, nikarusha.

"Mama yangu weee, Bi Time! Ni mimi!"

Jaya, Raya! Aliyenipikia mwezi mzima nilipovunjika mkono!

Kumbe kila alfajiri anapitia geti la nyuma kuumwagilia. "Nakuona humwagilii, nikasema magoti yanakusumbua. Nikaona haya kukuuliza."

Na mimi wiki mbili namnunia mkwe wangu Mbarouk, nikidhani yeye ndiye anayenijazia tope kwenye ndoo ya mti! Mkoche ni wa mchanga na jua, maji mengi yanauozesha. Jani moja limeshakuwa njano.

Nikamweleza taratibu. Masikini, machozi yakamlengalenga. Tukaipindua ndoo pamoja, mizizi bado mizima, alhamdulillahi. Tukaujazia mchanga mkavu.

Akaniuliza, "Basi nisije tena?"

Nikamwambia, "Utakuja! Kesho alfajiri, mlango wa mbele, na birika la chai. Tutakunywa wenyewe, mti usionje hata tone."