Obwona, Gunia Lako la Mwisho na Mkebe wa Maji

Mwaka umetimia leo, Obwona, tangu homa ikuchukue, na nyumbani bado tunagombana juu ya gunia lako la mwisho. Ungekuwepo ungecheka. Ndugu yako Odur anataka kuchora sura yako juu yake, aikuze kutoka ile picha ndogo ya kitambulisho, ili Jumamosi wageni wa sala wakukute ukutani. Dada yako Akot amesimama mlangoni, anasema atakayeligusa gunia aanze na yeye. Baba yako anasema likunjwe, liwekwe juu ya kabati, watu wale chakula kwa amani. Kisha wote watatu wakamgeukia mama yako, kwa sababu humu ndani mwenye kukata shauri ni yeye, nawe unalijua hilo.

Mama yako hakukata shauri. Alisema ana sufuria jikoni, akaondoka.

Tunakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya kambi ya polisi ulimokulia, ili Mama Kavugho na majirani wengine waliotoka Kongo nao wasome. Baba yako alipoachishwa kazi ya polisi tukahamia hapa Kawempe. Wengine tulioishi nao kambini hatutawataja, nyakati hizi si za kutaja majina. Wewe uliwachora, inatosha.

Ulikuwa mkimya, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Uliwaazima watu viatu vyako ukatembea pekupeku hadi mjini, ukasema barabara ina joto zuri.

Mama yako ana diploma ya ualimu. Miaka ishirini amefundisha kwamba kazi huanza na mpango, mpango huandikwa, na kilichoandikwa hufuatwa. Kisha akakuzaa wewe.

Rangi zilipokwisha madukani, wewe ulisema hazijaisha. Ulisaga vipande vya matofali, ukasaga mkaa, ukachota udongo mwekundu wa njia ya nyuma, ukachanganya na kiini cha yai. Mayai hayo yalikuwa ya mama yako. Kitambaa cha wachoraji hukuwa nacho, basi ulinunua magunia ya sukari katika soko la Owino. Magunia yalikuwepo, sukari ndiyo haikuwepo. Kisha, badala ya kuchora kama watu, ulilaza gunia uani, ukamimina juu yake maji ya mkebe uliosuuzia brashi zako, maji machafu yanayonuka mayai, ukaacha jua likaushe. Halafu ulivuta kigoda, ukakaa mbele ya madoa na chai yako. Chai ikapoa, nzi akaingia, nawe hujagusa brashi. Siku mbili, siku tatu.

Mama yako alikuuliza unangoja nini.

"Sijui bado nani yumo," ulimjibu.

"Mtu asiyejua anachofanya huitwa mvivu, Obwona."

"Na wewe mama, ulijua sura yangu kabla hujanizaa?"

Alikupa ndoo, ukateke maji.

Mkubwa mmoja wa serikali aliwahi kuagiza picha yake. Ulimimina maji, ukakaa siku nne, ukasema mwenye picha hakutokea. Mama yako alikwenda kufunga madirisha, watu wasisikie.

Sasa tuseme kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe ametaka liandikwe. Sabuni ilikuwa imeadimika. Alipanga foleni tangu asubuhi hadi saa nane, akarudi na mche mmoja. Uani akakuta gunia lako jipya limejaa madoa ya kahawia na meusi. Alisikitika kwamba mwanawe anafanyia kazi kitu kichafu namna ile. Akalifua. Alilisugua kwa mche ule ule, akalianika kambani, akakungoja umshukuru.

Uliporudi ulisimama, ukalitazama. Akot alikimbilia ndani. Mama yako alipoelewa alichofanya, alisema kwa ukali, kama asemavyo siku zote akiona aibu, kwamba uchafu ni uchafu. Ulivuta kigoda ukakaa chini ya kamba ya nguo. Siku ya tatu ukaanza kupaka, upesi, kwa vidole zaidi ya brashi, ukifuata yale madoa yaliyokataa kutoka. Akatokea mwanamke aliyeinama juu ya beseni, mikono yake mikubwa kuliko kichwa. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Mama yako alisema mikono imezidi.

"Nimeikuta hivyo," ulisema.

Picha hiyo iko sebuleni. Mama yako hamruhusu mtu kuihamisha, na vumbi lake analifuta mwenyewe.

Uliugua Jumatatu, Alhamisi hukuwa nasi. Uliacha gunia moja limekwisha kushonwa, halina kitu, na mkebe wako una maji. Mkebe ule mama yako aliupigia kelele miaka minane: utupe, unanuka, mbu watazaa humo. Baada ya mazishi hakuna aliyeutupa. Akot aliufunika kwa sahani. Kila Jumapili mama yako hufunua sahani akachungulia, na kila Jumapili maji yamepungua. Hukuacha rangi nyingine iliyochanganywa kwa mkono wako. Yakikauka, ndiyo basi.

Huo mkebe ndio alioufuata jikoni wakati sisi tunagombana. Alikuta maji ya kina cha vidole viwili. Alirudi nao mkononi.

"Odur," alisema, "wewe ungemchora vizuri, lakini yeye hakuanza hata siku moja na sura aliyoijua. Shika pembe ile. Akot, toka mlangoni. Gunia lisiloguswa ni gunia la sukari tu. Shika hii."

Baba yako alimwambia apumzike kwanza, afikirie. Akajibu kwamba amefikiria mwaka mzima, na maji hayangoji.

Tulilitandaza uani, baba yako akaleta mawe manne ya kulishikilia. Mama yako, ambaye hajawahi kufanya kitu bila kukipima, alifumba macho akamimina. Maji yalikwenda yalikotaka. Akatikisa mkebe hadi tone la mwisho, kisha akakileta kigoda chako akakiweka mbele.

Wageni wa Jumamosi, msitafute sura ukutani. Piteni uani, mkae.

Wanaokukumbuka ni baba yako Tarcisio Okot, mama yako Aloyo, ndugu yako Odur, dada yako Akot, na Mama Kavugho aliyekuletea mayai kwa siri. Hatujui bado nani yumo. Lakini hutatutoka moyoni, Obwona, siku zetu zote, na kigoda chako tunakikalia kwa zamu. Sasa hivi ni zamu ya mama yako, na chai yake imekwisha kupoa.

Kawempe, Kampala, Agosti 1975