Mawese kwenye Saa ya Mbio

Mama,

Pokea salamu za mtoto wako wa tatu, yule mwenye miguu isiyotulia. Goti lako linaendeleaje? Na joto la Kavimvira, bado linawakaanga? Nitumieni kidogo. Mimi ni mzima, ila hapa Ubelgiji baridi inauma mpaka kwenye kucha.

Leo nacheka, lakini juzi shauri lako lilikaribia kunirudisha nyumbani. Unakumbuka nilikupigia simu kuhusu ile saa ya mbio ambayo klabu imeniazima? Kitufe cha kusimamisha hesabu kilikuwa kimekuwa kigumu, kwa miezi mitatu ya jasho na matope. Niliogopa kumwambia kocha, asije akasema nimeharibu mali ya watu. Ukanijibu papo hapo:

"Weye tia mawese tone moja tu! Kadena ya duka yangu, miaka yote hii, iko inafunguka sababu ya nini?"

Nikatia, kama unavyoitia kufuli yako, kutoka kwenye kichupa ulichonifungia safarini. Chumbani kitufe kikalainika, nikakusifu peke yangu kama mjinga.

Kesho yake ilikuwa siku ya majaribio. Kila mmoja wetu alikimbia peke yake msituni, na kocha angesoma muda kwenye saa. Atakayeshindwa anarudi kwao. Mama, nilikimbia! Mpaka kifua kikawaka. Kufika mwisho nabonyeza kitufe: hakiendi. Nikajaribu kidole gumba, nikajaribu hata meno, hakiendi. Saa inaendelea kuhesabu na mimi nimesimama.

Kocha akaitazama, akauliza, "Bado unakimbia?"

Nikaungama yote. Akaitia saa kwenye maji ya vuguvugu, na punde si punde vitone vyekundu vikaelea juu. Mawese yako yalikuwa yameganda kwa baridi! Kwa joto la kwetu, nani angewaza hilo? Kocha alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia kitufe hakitaki mafuta, kinataka kuoshwa kwa maji safi kila baada ya mazoezi, maana chumvi ya jasho ndiyo inayokila.

Kisha akaifungua saa kwenye kompyuta. Kumbe ilikuwa imeandika kila kilometa, na hata pale miguu yangu iliposimama. Nilikuwa wa pili. Nimepita, Mama, nimepewa mwaka mzima hapa klabuni! Nilikaa palepale sakafuni, nikalia kwa kumshukuru Mungu.

Nisalimie Baba, na dada anayekusaidia dukani, na Bibi kule Katogota. Mwambie muhogo wake nauota.

Jambo moja bado sijakuambia. Asubuhi ya majaribio, kabla sijatoka, nilikuwa nimekunja nguo zangu zote kwenye valizi, maana niliona sitapita. Leo nimezitoa, nikazitundika moja moja.

Mwanao anayebaki,
Mapendo