Yai Jeupe Juu ya Bangboka

Kwako Papa, uliyehesabu mawingu ya Bangboka,

Nakuandikia Kiswahili cha shule, na najua ungenicheka. "Bon, mwalimu iko naongea kama redio," ndivyo ungesema. Cheka tu, Papa. Nina neno la kukuambia, na nikilisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani nitalia kabla sijafika katikati.

Jeshi la nchi moja ya ng'ambo limefungua makabati yake. Limetoa ripoti za vitu vilivyoonekana angani na ambavyo hakuna aliyeweza kuvitaja jina. Zilikuwa siri miaka yote hiyo, sasa ziko kwenye simu ya kila mtu. Hapa Kisangani vijana wanazifanyia mzaha. Hata mimi nilikuwa nacheka nao, mpaka Jumanne iliyopita, mwenzangu anayefundisha Kiingereza aliponiita katika chumba cha walimu.

"Prof, kuya kwanza. Bameandika Kisangani humu."

Ni kurasa mbili tu. Majina yote yamefunikwa kwa wino mweusi. Mwenzangu akanitafsiria polepole, kidole kikifuata mistari. Ndege ya mizigo ya jeshi lao ilikuwa inakuja kutua Bangboka, uwanja wetu wa ndege, mchana, hewa safi. Rubani akaona kitu cheupe kimesimama angani upande wa mto, hakina mabawa, hakitoi moshi. Akauliza mnara kwa redio. Mnara ukamuuliza mtu wa hali ya hewa aliye chini. Naye akajibu kwamba anakiona vizuri, na kwamba kinafanana na yai la kuchemsha lililomenywa.

"Yai!" mwenzangu akapasuka kicheko. "Siye Bakongomani, kichwani iko chakula tu."

Mimi nilikaa chini. Yai lile nililibeba mimi.

Unakumbuka, Papa? Ilikuwa mwaka wa mtihani wangu wa Serikali. Mama alinituma nikuletee chakula, lituma ya moto, zile ndizi za kuponda, imefungwa kwenye majani, na mayai mawili. Nikapanda nyuma ya baiskeli ya toleka kutoka Mangobo mpaka Bangboka, nikafika makalio yanauma hata sikuweza kukaa. Ulinicheka. Ulikuwa mtu wa kucheka, siku hizo.

Nilipenda kukuangalia kazini. Kila saa ulikuwa unatoka kwenye kile chumba chako kidogo, unasimama uwanjani, unageukia pande zote nne, halafu unaigawa mbingu vipande vinane kwa macho na kuhesabu mawingu yameshika vipande vingapi, huitièmes ngapi kwa Kifaransa chako cha kazi. Kazi hiyo ulituletea mpaka nyumbani. Kila asubuhi, kabla hatujapewa chai, ulitutoa nje: "Huitièmes ngapi?" Anayekosea hapati chai mpaka aangalie tena. Mama alikuwa anasema umetuharibu, watoto gani hao wanaangalia juu kama kuku anayekunywa maji.

Na ile kaye yako kubwa, daftari la kazi! Mtu hakuruhusiwa kufuta humo hata nukta. Ulinionyesha mwenyewe: ukikosea, unachukua rula, unapiga mstari mmoja tu juu ya neno, mwembamba, ili anayekuja nyuma aweze kusoma kilichokuwa chini. Unaandika sahihisho juu yake, na pembeni unaweka paraphe, zile herufi zako mbili za jina. "Kosa hatufichake," ulisema. "Tunaliacha likae na mwenyewe."

Siku ile ulikuwa umemenya yai la kwanza, hujalitia mdomoni, saa ya kuhesabu ikafika. Ukatoka nalo mkononi, nami nikakufuata. Mawingu yalikuwa huitièmes tatu, nilikuwahi kusema. Ukageukia upande wa mto, ukasimama.

"Mutoto, angalia kule. Iko nini?"

"Ndege, Papa."

"Ndege inasimamaka?"

Kilikuwa kimesimama, kweli. Cheupe, kimya, hakina hata kivuli upande wa chini. Ukanyoosha mkono wenye yai, ukafumba jicho moja, ukalinganisha. Halafu ukanipa yai na mimi nilinganishe. Vilitoshana! Ulikuwa na furaha, Papa, furaha ya mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote na leo kazi imemletea mgeni. Simu ya mnara ikalia ndani, ukakimbia. Nikasikia sauti yako: "Ndiyo, niko naona. Iko kama yai ya kuchemusha yenye bametosha maganda." Mimi niliyebaki nje nilikiona kinapanda, moja kwa moja, kinaingia kwenye wingu, na wingu halikutikisika.

Uliporudi uliandika mstari mmoja kwenye kaye. Nilikuuliza umeandika kitu gani. "Nimeandika ile macho iliona," ukasema. "Ile kichwa inawaza, haina nafasi humu." Halafu ukala yai.

Sasa sikiliza lile usilolijua, au labda ulilijua ukanyamaza. Aliyesambaza habari mtaani ni mimi. Siku iliyofuata, kwenye foleni ya maji, mdomo wangu haukufungika. Papa yangu ameona ndege isiyo na mabawa! Rubani Mzungu ameshindwa, akamuuliza Papa yangu! Nikatia chumvi, tena ya kutosha. Nikasema ilishuka mpaka juu ya paa. Wenzangu waliacha ndoo zao ili wanisikilize, na mimi nikajiona mtu mkubwa.

Siku chache baadaye mtoto wa jirani yetu Mama Bibiche akafa kwa surua. Mtoto wa miaka miwili, tuliyembeba wote. Na kabla matanga hayajaisha maneno yakaanza. Ndege isiyo na mabawa, nani haijui katika mji huu? Ni ndege ya walozi, ile inayobeba roho za watu kwenda kuliwa. Na nani angekuwa anaipokea, kama si mtu wa uwanja wa ndege? Wakaanza kutupa mawe juu ya mabati yetu. Mama Bibiche mwenyewe alikuja mpaka mlangoni, akakutazama, akatema mate. Ulikuwa umemsaidia kuchimba kaburi.

Mama alidhani anafanya vema alipokwenda kwa mchungaji wa kile chumba cha maombi alimokuwa anasali. Alitaka atulize watu. Badala yake tukaitwa Jumapili, mbele ya wote, ibada ya asubuhi.

"Papa, ile ndege, uliona ao hukuona?"

"Niliona."

"Ulikuwa na nani?"

Ukatazama mbele tu. Nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwako, na hukugeuza hata kichwa. Mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Mutoto wake! Mutoto wake njo alituambia, alikuwa naye!"

Mchungaji akaja kwangu. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito, unanuka mafuta. "Weye," akasema kwa sauti ya upole, "ulipanda ndani?"

Papa, nilijua wanachowafanyia watoto wanaosemekana wamepanda. Nilikuwa nimemwona yule msichana wa avenyu ya pili, aliyefungiwa siku tatu bila maji, halafu akatupwa barabarani na shangazi yake mwenyewe. Nilikuwa namwona kila siku sokoni akiokota ndizi za makemba zilizooza. Najua haya yote, na bado hayanitoshi kuwa sababu. Nilifungua mdomo nikasema: "Mi sikuona kitu. Papa njo alinituma niseme."

Sikusema tu kwamba sikuona. Nilikutwika na uongo wangu.

Uliniangalia. Nimejaribu miaka yote kukumbuka hasira katika uso ule, ingenisaidia, lakini haikuwepo. Halafu ukasimama, ukafunga kifungo cha juu cha shati lako la kazi, ukasema: "Ni kweli. Mutoto hakuona kitu. Hata mie sikuona. Niliongopa." Watu wakashangilia, Papa. Wakaimba. Mchungaji akakupigisha magoti, akakumwagia mafuta mpaka yakaingia machoni, na Mama akalia kwa aibu, kwa sababu aliamini.

Kesho yake ulikwenda Bangboka ukachukua rula. Ulimwambia Mama jikoni, nami niko nyuma ya mlango nasikia: yale maneno ya yai umeyapiga mstari, umeweka paraphe. Baada ya muda ofisa mmoja wa jeshi lenye ile ndege, aliyekuwa amekuja kwanza kuandika maneno yako, akarudi na karatasi ili uweke sahihi. Alikukuta umebadili maneno. Hiyo sikuijua mpaka Jumanne. Imo kwenye ukurasa wa pili.

Mwisho wa mwezi ule uliacha kazi mwenyewe. Hakuna aliyekufukuza. Ulisema mtu aliyeapa kwamba aliandika uongo, hawezi tena kuaminiwa na mawingu. Ukawa fundi wa redio, kichwa kimeinama juu ya nyaya asubuhi mpaka jioni. Hukutuuliza tena huitièmes, na chai tulikunywa bila kutoka nje. Mayai hukugusa tena. Mtaani walikusalimia, ndiyo, lakini kwa ile salamu anayopewa mtu aliyesamehewa. Na mimi nikapata diploma yangu, nikawa mwalimu, nikaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo. Pfff!

Halafu hospitali. Ilikuwa asubuhi, dirisha liko wazi, na baada ya miaka yote ile ukauliza ghafla: "Huitièmes ngapi?"

"Tano, Papa."

"Bon." Ukapumua kidogo. "Ile siku... weye uliona?"

Mama alikuwa amekaa pale miguuni pako. Mwanamke mmoja wa chumba cha maombi naye alikuwa amekuja kukuombea. Swali lenyewe lilitaka neno moja tu. Nikakuambia: "Papa, kunywa kwanza maji." Ukanywa, mtu wa kutii kama nini, halafu ukageukia ukuta. Siku mbili baadaye tulikuzika.

Naona haya kukuambia ripoti inavyomalizika, lakini lazima ujue. Imeandika kwamba mtu wa ardhini aliyakana maneno yake, kwamba alikuwa peke yake, na kwamba neno la rubani mmoja halitoshi, basi shauri lifungwe. Wameacha kila kitu wazi isipokuwa majina. Wino mweusi umekaa juu ya jina lako, na uongo wangu unasomeka vizuri.

Jana nilimsomea Mama. Siku hizi haoni vizuri, lakini anasikia kila kitu. Aliniacha nimalize.

"Donc, papa yako hakuongopa?"

"Hapana, Mama. Miye njo niliongopa."

Alikunja na kukunjua kona ya kitenge chake. "Miaka ile yote nilimupa mugongo," akasema. "Kwa kitanda. Kwa meza. Na alikuwa mutu wa kweli." Akaniomba nitoke. Leo nimempelekea chakula, amekipokea, akanipa mgongo, na sikumlaumu.

Papa, sijui kile kitu kilikuwa nini. Wenye ndege na mashine zao wameandika hawajui, basi mimi nani? Kichwa changu hakina nafasi humu. Najua tu macho yaliona nini.

Nimetoa kopi ya ule ukurasa wa pili. Nimechukua rula. Sikufuta kitu. Nimepiga mstari mmoja mwembamba juu ya yale maneno "peke yake", anayetaka kuyasoma ayasome. Juu yake nimeandika: walikuwa wawili. Pembeni nimeweka paraphe yangu. Kopi moja inakwenda kwa hao wenye jeshi, sijui kama kuna atakayeifungua. Nyingine nimeibandika, pamoja na nakala ya haya yote niliyokuandikia hapo juu, kwenye mlango wa kile chumba cha maombi, mchana, watu wakipita, na Mama Bibiche alikuwa wa kwanza kusimama. Amesoma mpaka chini. Hakutema mate. Aliniuliza tu kwa nini nimengoja mpaka ufe.

Leo mawingu ni huitièmes tatu, kama siku ile. Lala, Papa. Lile swali lako la hospitalini, hili ndilo jibu lake, limechelewa, halitakufikia:

Niliona.

Binti yako, shahidi wa pili