Kabureta Kutoka Rungwa

Jumanne, 3 Juni

Vali nne za injini bado. Tangu asubuhi nazisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, kama nilivyosugua vifaa vya zahanati mpaka nikastaafu. Vidole vimepauka. Upepo umeingiza vumbi hadi stoo, nimeifunika injini kwa kanga yangu ya zamani.

Mwaka wa saba huu. Gari ni Pijo 404, rangi ya maziwa. Nililikuta misheni limegeuzwa banda la kuku. Sasa bodi tayari, viti tayari. Injini iko stoo, vipande vipande juu ya magunia. Namba iliyopigwa kwenye injini ni ileile iliyo kwenye kibati cha bodi. Vilitoka kiwandani pamoja na havijawahi kuachana. Ukivitenganisha umebaki na bati la kuendea sokoni. Nimemweleza Baba Pendo mara ngapi? Anaitikia huku anasikiliza mpira redioni.

Mwanamume akipenda gari bovu anaitwa fundi. Mimi naitwa mgonjwa.

Send-off ya Pendo ni tarehe 21. Nimemwahidi binti yangu ataondoka na gari hili, likiwa na injini yake lenyewe. Kinachokosekana ni kabureta tu, ya kuchanganyia petroli na hewa.

Jumamosi, 7 Juni

Kikao cha kamati, hapahapa Issuna, nyumbani kwa wifi Mariamu, dada yake Baba Pendo. Mwenyekiti ni yeye. Hata msibani huwa ni yeye.

Alitaka bibi harusi anunuliwe masufuria ya dukani, yale yenye maua. Nimekataa. Mepesi mno, ukigeuka tu uji umeungua. Nikasema yaagizwe ya kusubu, yanayomiminwa kwa alumini iliyoyeyushwa, mazito, kwa yule fundi wa Ikungi. Nimebishana mpaka wamekubali.

Wifi akalipiza palepale. "Na hilo banda lako la kuku, wifi, litatembea au tukodi gari?" Wakacheka wote. Baba Pendo naye alicheka. Nilimwona.

Mama mmoja anayeuza asali stendi ameniambia kuna Pijo kama langu Rungwa, limefia uani kwa mzee mfuga nyuki. Jumatatu naondoka.

Jumatano, 11 Juni. Rungwa

Nilifika jana jioni, kiuno hakina hali. Mtandao hakuna.

Mzee nimemwamkia, akaitika, akauliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa na mtu, gari ni langu. Alicheka mpaka akakohoa. Nyuki wamejenga ndani ya boneti. Akawafukizia moshi, akasogea pembeni. "Fundi si wewe, mama? Ingia."

Nimeingia. Nimeumwa mara tisa, jicho la kushoto limeziba. Kabureta ipo! Imejaa nta lakini nzima kabisa. Mzee hakutaka kitu, ameniomba tu nimtazame kidonda cha mguuni. Nimekisafisha, nimekifunga, nimemwachia dawa.

Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni siku nyingi sijaandika neno hilo humu.

Ijumaa, 13 Juni

Nililisikia kabla sijaliona. Nilidhani ni lori la maji.

Baba Pendo kwenye usukani, meno yote nje. "Mama Pendo, nimekufanyia sapraizi!" Injini ya dizeli, imetolewa kwenye gari la Kijapani lililopinduka. Fundi Salumu amekata chuma cha mbele kwa mashine, amechomelea vyuma vingine. Boneti haifungi tena, imekazwa kwa mpira wa baiskeli. Kazi ya siku nne.

Nikauliza injini iko wapi. "Ipi?" Akaniuliza ipi!

Mnunua vyuma chakavu aliibeba Jumatano. Jumatano nilikuwa na kichwa ndani ya nyuki.

"Nilikupigia, hukupatikana." Kisha, "Si linawaka lakini?"

Kabureta ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikumwonyesha.

Jumamosi, 14 Juni

Namchukia.

Angeivunja kwa shoka kwa hasira ningejua pa kuanzia. Kafanya haya kwa upendo. Majirani wanapita wanampa mkono. Wifi amesema nina bahati ya mume. Nikinuna, mimi ndiye sina shukrani.

Mnunua vyuma nimempata. Bloku, ile yenye namba, iko kwenye lori, imeshapita Manyoni inaelekea Dar. Silinda hedi, ule mfuniko mzito wa alumini, amemuuzia fundi wa masufuria Ikungi. Angalau hiyo. Kesho Jumapili hafungui. Keshokutwa alfajiri niko mlangoni kwake.

Jumatatu, 16 Juni

Fundi ni mtu mpole, mikono majivu matupu. Silinda hedi aliikumbuka vizuri, kwa uzito wake. Aliiyeyusha Ijumaa.

Ijumaa nilikuwa kwenye basi, nimepakata kabureta.

Akanionyesha masufuria matano yamepangwa juu ya gunia. "Yote yametoka humo, mama. Alumini ya gari ni safi, haina takataka. Haya ni ya kamati ya send-off, huko Issuna."

Nimeshika moja. Zito, kama nilivyotaka. Nikamsifu fundi kwa kazi nzuri. Sijui kwa nini nilimsifu.

Nyumbani sijasema. Nikisema watacheka, na hadithi itasimuliwa kila harusi mpaka nife.

Jumamosi, 21 Juni

Imekwisha. Miguu inawaka moto.

Pendo alipendeza hadi nikasahau gari kwa muda. Kisha likanguruma nje na nikakumbuka. Baba yake aliendesha, taratibu, mkono mmoja dirishani. Watu walipiga vigelegele. MC akatangaza kwamba Baba Pendo amefufua gari lililokufa. Watu wakasimama kumpigia makofi. Mimi pia nilisimama. Miaka saba, na makofi yakaenda kwa aliyeshika usukani.

Zawadi zililetwa kwa kucheza. Wifi akachukua sufuria kubwa kuliko yote, akanitwika mimi. "Mama mzazi mbele!" Nimecheza nalo ukumbi mzima, injini yangu juu ya kichwa, nikitabasamu kwenye kila simu iliyonyooshwa. Nilipomfikia Pendo nililia. Wakasema uchungu wa mwana.

Ulikuwepo huo pia. Siwezi kusema ulikuwa nusu au robo.

Jumapili, 22 Juni

Sijaenda ibadani. Nimelala kutwa.

Jumapili, 6 Julai

Leo nimeenda.

Baba Pendo huwasha gari kila asubuhi ili betri isife. Ufunguo mara moja tu, linawaka. Huliacha lingurume, huku ananitazama jikoni kuona kama nitatoka. Siku hizi namjibu vizuri. Anadhani yamekwisha.

Stoo imefagiliwa. Magunia bado yana doa la oili, mviringo, pale injini ilipokaa. Nimetoa nta ya mwisho kwenye kabureta kwa pini. Imetakata. Nimeijaribu kwa kidole, kila kitu kinafunguka na kufungika. Nimeiweka juu ya doa, nikaifunika kwa kanga.

Jioni Pendo ametuma picha kutoka Mwanza. Wali, na sufuria lenyewe, tayari limeshika weusi kidogo kwa chini. Ameandika: "Mama, kweli ulikuwa sahihi. Hili haliunguzi kabisa."

Nimeandika nikafuta. Nikaandika tena, ndefu, nikafuta.

Nimemjibu: Litunze, mwanangu.