Saini ya Ndelilio

Evelyn, upo? Nimetoka ofisi ya kata sasa hivi.

Shangazi Aikande alinivuta twende wote. Kamati ya halmashauri ilikuja kukagua lile ombi la kijiji, la kuhamisha uchaguzi kutoka Jumatano, siku ya gulio, uwe Jumapili. Mwenyekiti wao akaanza kusoma majina ya waliohudhuria mkutano wa kijiji wa Machi uliopitisha ombi hilo. Akafika: "Ndelilio Njau."

Ndelilio! Mume wa shangazi! Si tulimzika Januari pale kihambani, kwenye migomba yao, na wewe ulikuwepo?

Shangazi akasimama. "Huyo ni marehemu mume wangu." Wakampa karatasi aitazame. Evelyn, saini ni ya mzee kabisa, hata ule mkia wake wa mwisho. Shangazi akamgeukia mwanawe Leodegar, si unajua ndiye mtendaji wa kijiji. "Leodegar, ni wewe?"

Leodegar akainama. "Akidi haikutimia, mama. Alipungua mtu mmoja."

"Kwa nini baba yako?"

"Ndiye pekee niliyejua hatanikatalia."

Hatanikatalia! Kasema hivyo mbele ya watu wote!

Ombi limekataliwa, Jumatano inabaki, na Leodegar kasimamishwa kazi. Hayo shangazi hakuyalilia. Aliomba tu jina lifutwe. Wakamjibu, "Haiwezekani, mama. Huo sasa ni ushahidi."

Tunapanda kwenda nyumbani kwa miguu. Sasa hivi shangazi kanishika mkono, ananiuliza: "Hilda, mkutano ujao watamwita tena mzee?"