Maelezo ya Klaudia Mushumbusi Kuhusu Chupa ya Shampeni Iliyodaiwa Kuchakachuliwa

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA MULEBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Klaudia Mushumbusi
Umri: Miaka 38
Kabila: Mhaya
Dini: Mkristo
Kazi: Msimamizi wa vinywaji hotelini, Bukoba
Makazi: Kibeta, Manispaa ya Bukoba

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Kazi yangu ni kuchagua na kuhudumia mvinyo. Niliisomea Afrika ya Kusini na ndiyo inayonilisha.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025 nilikuwa nyumbani kwa Bw. Mwijage Rutaihwa, mfanyabiashara wa kahawa, hapa Muleba. Alikuwa anamuaga binti yake Elieth, anayeolewa wiki ijayo. Aliniita niwaonjeshe wageni shampeni tatu za hadhi ya juu na kuwaeleza tofauti zake. Mbili nilizileta mimi: Dom Pérignon ya mwaka 2013 na Krug. Ya tatu ilikuwa yake, Dom Pérignon ya 2002, mwaka aliozaliwa Elieth. Aliinunua Ulaya binti akiwa bado shule ya msingi, akaiweka kwenye stoo iliyo chini ya nyumba. Mtunzaji wa stoo ni Bw. Kaijage, binamu wa mke wa Bw. Mwijage, anayeishi hapo na familia yake.

Saa tisa alasiri nilianza na ile ya 2013. Ina uchachu wa limau na mapovu mengi. Niliwaambia wageni kwamba ni nzuri lakini bado changa, mwenye subira aihifadhi miaka kumi mingine. Krug ni nzito zaidi, inanukia mkate uliotoka kwenye oveni sasa hivi. Huchanganywa kutoka mavuno ya miaka mingi, hivyo inanyweka siku ile ile unayoinunua, na kwa asiyetaka kusubiri hiyo ndiyo yenye thamani. Mzee mmoja alisema yeye bado anachagua rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watu walicheka, nami nikacheka.

Ya tatu Bw. Mwijage aliifungua mwenyewe. Haikulipuka, ilitoa pumzi ndogo tu. Kwenye glasi ilikuwa na rangi ya asali na mapovu ya kuhesabika. Mdogo wa Bw. Mwijage, Bw. Kahigi, alionja, akaweka glasi chini, akasema: "Hii imechakachuliwa. Kaijage amekunywa shampeni, akajaza mvinyo wa ndizi."

Nilisema hapana, shampeni ikizeeka ndivyo inavyokuwa. Walionisikia ni wachache. Bw. Mwijage alimwuliza Kaijage kama ni kweli. Kaijage alijibu kwamba hajawahi kuigusa chupa ile zaidi ya kuifuta vumbi. Bw. Mwijage akapiga simu polisi. Askari walifika, wakamfunga Kaijage pingu mbele ya mkewe na watoto wake. Alipopita karibu yangu hakujitetea. Aliniambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, nifungie mlango wa stoo. Joto linaingia."

Nilikwenda nikaufunga. Nilisimama huko kidogo kabla ya kurudi kwa watu.

Niliporudi nilimkuta Elieth peke yake, glasi yake tupu. Alisema, "Dada, hii imezizidi zote. Kwa nini wanasema ni ya uongo?"

Si ya uongo. Nimeionja kwa utulivu. Ina karanga zilizokaangwa, asali, na uyoga kwa mbali, na uchachu wake bado uko hai. Mvinyo wa ndizi naujua tangu utotoni, haufiki huko. Kati ya zile tatu hii ndiyo bora, na isingekuwa hivyo kama stoo ingekuwa na mtu mzembe.

Nakabidhi kizibo chake pamoja na kile cha 2013. Kizibo cha shampeni changa kikitoka hufutuka chini kama sketi. Hiki kimesinyaa na kunyooka kama kigingi, kwa kubanwa shingoni mwa chupa miaka mingi. Kimepigwa chapa ya 2002. Waya na karatasi ya juu vilikuwa vizima hadi Bw. Mwijage alipovitoa, na wageni wote walimwona. Hakuna anayeweza kujaza chupa bila kuviharibu.

Bw. Kahigi aliniambia nikija hapa nisitegemee tena kazi kwa ukoo wao. Nimekuja.

Niliyoyaona na kuyaonja ndiyo hayo. Nimesomewa, nimeyakubali, na nitayarudia mbele ya hakimu ikibidi.

Sahihi: K. Mushumbusi
14/06/2025, saa 12:10 jioni

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Georgina. Mlalamikaji, Bw. Mwijage, amefika na binti yake. Amesomewa maelezo na kuonyeshwa vizibo vyote viwili. Ameomba kufuta malalamiko, na amemwomba radhi Bw. Kaijage mbele yangu. Bw. Kaijage amejibu kwamba radhi hiyo ataipokea nyumbani, mbele ya wale wale waliomwona akifungwa pingu, kabla hawajatawanyika. Mlalamikaji amekubali. Wameondoka kwa gari moja. Binti ndiye aliyemfungulia Bw. Kaijage mlango wa mbele.